Kakuma Si "Hakuna Popote": Niliyojifunza kwa Kuficha Kopo Turkana

Hii stori ni ndefu kidogo, kwa hivyo tafuta kivuli kwanza ukae. Mtu wa Lodwar haanzi maongezi juani.

Mwaka jana nilificha kopo. Kopo la kawaida tu la plastiki, lenye kifuniko cha kuzungusha, lile mamangu alikuwa anawekea sukari. Ndani niliweka daftari dogo, penseli, bangili ya shanga, sarafu ya shilingi 20 na karatasi niliyoandika: "Ukilipata hili kopo, andika jina lako, chukua kitu kimoja, acha kitu kimoja, halafu lirudishe ulipolitoa." Nikaandika na namba yangu ya simu. Nikalisukuma katikati ya mawe nyuma ya kilima, mbali kidogo na mji, nikasoma kwa simu namba za mahali pale, yaani latitudo na longitudo, nikaziweka mtandaoni. Halafu nikaenda nyumbani kungoja.

Huu mchezo unaitwa jiokashingi. Mtu anaficha kitu, anatoa namba za mahali alipokificha, na mtu mwingine asiyemjua kabisa anakuja na simu yake kukitafuta. Basi. Hakuna pesa, hakuna kombe. Beste zangu waliniuliza kama jua limenipiga. "Yaani unaficha kitu, halafu unaambia watu mahali umekificha? Si ungewapa tu?"

Swali zuri, buda. Nimekuwa nikilijibu kichwani tangu siku hiyo, na jibu limenirudisha nyuma sana, hadi kabla ya kuwa na Kenya, hadi kabla ya kuwa na binadamu kama sisi. Point yangu ya leo ni hii: historia ya Turkana ni historia ya kuficha na kutafuta. Lakini kuficha kuko kwa aina mbili. Kuna kuficha ili kitu kipatikane, na kuna kuficha ili kitu kisahaulike. Sisi huku tumefanyiwa sana hiyo ya pili. Ndiyo maana naona hiyo ya kwanza ni muhimu kuliko inavyoonekana.

Ndoo ya Oregon

Tuanze na mchezo wenyewe. GPS ni mali ya serikali ya Marekani, na ilitengenezwa kwa ajili ya jeshi. Setilaiti zaidi ya 24 zinazunguka dunia, kila moja inatuma ishara yenye saa kamili. Simu yako inapima ishara imechukua muda gani kufika, inajua umbali. Ikipata setilaiti nne, inajua umesimama wapi.

Kwa miaka mingi Wamarekani walikuwa wanaichafua makusudi ile ishara ya raia, ili adui asiitumie vizuri. Kifaa cha mtu wa kawaida kingeweza kukosea kwa mita 100 hivi. Hapa Lodwar mita 100 ni tofauti ya kusimama dukani na kusimama ndani ya mto. Halafu tarehe 2 Mei 2000 serikali ya Rais Bill Clinton ikaacha kuichafua. Ghafla kila mwenye kifaa akaweza kufika karibu kabisa na pale anapotaka.

Kesho yake, tarehe 3 Mei, mtu mmoja anaitwa Dave Ulmer alichukua ndoo nyeusi ya plastiki, akaifukia nusu msituni karibu na Beavercreek, jimbo la Oregon. Ndani aliweka vitabu, programu za kompyuta, video, mkebe wa maharagwe, manati, na daftari la kuandika. Akatangaza namba zake mtandaoni. Ndani ya siku tatu watu wawili walikuwa wameshaipata, na wa kwanza alikuwa Mike Teague. Kabla mwezi haujaisha, Matt Stum akaupa mchezo jina unalotumia leo. Septemba mwaka huohuo Jeremy Irish akafungua tovuti yake. Leo kuna zaidi ya vifurushi milioni 3 vimefichwa duniani, kuanzia majiji makubwa hadi Antaktika.

Na ukiongea na watu wanaoucheza, wengi watakuambia kopo ni kisingizio tu. Ukweli ni kwamba unaenda mahali ambapo hukuwa na sababu ya kwenda, na huko unakutana na mtu ambaye hukuwa na sababu ya kukutana naye.

Aliyelipata kopo langu

Miezi mitatu ikapita kimya. Nilikuwa nimeshasahau, halafu jioni moja simu ikaita. Namba ngeni. Sauti ya mzee.

"Wewe ndiye unayezika vitu huku kwetu?"

Nilishtuka. Nikasema, "Shikamoo mzee, ndiyo ni mimi, lakini sikuzika, nimeficha tu."

"Tofauti ni gani?"

Sikuwa na jibu. Akaniambia nije asubuhi.

Nikaenda na boda. Mzee alikuwa amekaa juu ya ekicholong chake chini ya mti, na pembeni kulikuwa na kijana wa miaka kama 10, mjukuu wake, mchungaji wa mbuzi. Kumbe yeye ndiye alilipata kopo. Hakutumia simu. Hana simu. Aliona mawe yamekaa vibaya. "Mawe hayakai hivyo," aliniambia, kama mtu anayemweleza mtoto jambo la wazi. Namba za setilaiti kutoka angani zilikuwa zimekaa mtandaoni siku 90 bila kuguswa, na mtoto anayefuata mbuzi alisoma ardhi akalipata akipita.

Mzee hakuwa amefurahi. Alinieleza taratibu kwamba huku mtu akikuta kitu kimefichwa kwenye mawe, kitu cha kwanza anachofikiria si mchezo. Anafikiria risasi. Au anafikiria kaburi. "Kijana, ungekuja ukaniuliza kwanza. Ningekuonyesha mahali pazuri zaidi."

Hapo nikanyamaza, kwa sababu alikuwa sahihi. Nilikuwa nimeangalia ramani nikaona sehemu tupu, na haikuwa tupu. Ilikuwa ni njia ya mbuzi ya familia fulani. Tuliongea mpaka jua likawa kali, tukanywa chai, na wakati naondoka yule kijana alifungua kopo, akachukua sarafu ya shilingi 20, akaacha jiwe dogo jeusi linalong'aa. Kanuni aliielewa haraka kuliko beste zangu wote.

Hilo jiwe jeusi ndilo lilinifanya nianze kusoma.

Mabingwa wa kutafuta

Wengi wetu shuleni tulifundishwa kwamba Turkana ni "chimbuko la binadamu", tukaandika kwenye mtihani, tukasahau. Lakini hebu angalia jinsi hivyo vitu vilivyopatikana.

Agosti 1984, karibu na Nariokotome, magharibi ya ziwa. Kamoya Kimeu, Mkenya mzaliwa wa Ukambani, alikuwa kiongozi wa watafutaji katika timu ya Richard Leakey. Ilikuwa siku ya mapumziko. Wenzake wamepumzika, yeye akaenda kutembea kando ya laga kavu. Katikati ya kokoto nyeusi akaona kipande kidogo cha fuvu, rangi karibu sawa na kokoto zenyewe. Kutoka kwa hicho kipande, wakachimba misimu kadhaa, wakapata karibu mifupa yote ya kijana mmoja aliyeishi takriban miaka milioni 1.5 iliyopita. Dunia inamwita Kijana wa Turkana. Kamoya hakuwa na digrii. Alikuwa na macho. Mwaka 1985 alipewa medali ya National Geographic, akaipokea kwa mkono wa Rais Reagan. Alifariki 2022.

Mwaka 1999, Lomekwi, Justus Erus alipata fuvu la miaka milioni 3.5 hivi, likapewa jina jipya kabisa la kisayansi, Kenyanthropus platyops, "mtu wa Kenya mwenye uso bapa".

Na hii sasa ndiyo naipenda kuliko zote. Tarehe 9 Julai 2011 timu ya Sonia Harmand na Jason Lewis ilikuwa inaenda mahali panapojulikana, hapohapo Lomekwi. Wakapotea njia. Walifuata mkono usio sahihi wa laga. Badala ya kurudi wakapanda kilima kuangalia wako wapi, wakaamua kupekua hapo. Kufika saa ya chai, Sammy Lokorodi, Mturkana aliyekuwa nao, akaona mawe yaliyochongwa. Yalikuwa zana za mawe za miaka milioni 3.3. Kabla ya hapo zana kongwe zilizojulikana zilikuwa za miaka milioni 2.6, za Ethiopia. Kwa hivyo kupotea njia Turkana kuliongeza miaka laki saba kwenye historia ya kutengeneza vitu. Habari ikatoka katika jarida la Nature mwaka 2015.

Umeona kinachojirudia? Siku ya mapumziko. Njia isiyo sahihi. Mtu wa kutembea kwa miguu mwenye jicho la kusoma mawe. Hakuna hata mmoja aliyeletwa na namba kutoka angani. Namba zilikuja baadaye, za kuandika kwenye ripoti.

Na wakati mwingine namba za angani zinatudanganya kabisa. Mkumbuke Septemba 2013, Kenya nzima ilisherehekea kwamba setilaiti na rada zimeona ziwa kubwa la maji chini ya ardhi, bonde la Lotikipi, huku kwetu kaskazini. Vichwa vya habari vilisema Turkana italisha nchi. Baadaye maji yakapimwa, yakapatikana yana chumvi nyingi mno kwa kunywa. Setilaiti iliona maji. Haikuonja.

Nguzo zinazocheza

Ukitoka Lodwar kwenda Kalokol kuna mawe yamesimama kando ya barabara, nguzo 19 za mawe meusi. Panaitwa Namoratunga, watu wa mawe. Hadithi ya wazee ni kwamba walikuwa watu wakicheza ngoma, wakageuzwa mawe. Mwaka 1978 watafiti wawili, Lynch na Robbins, waliandika kwamba nguzo zimepangwa kufuata nyota fulani. Wengine wakaja kupinga. Siku hizi wanaakiolojia wanaziweka pamoja na maeneo mengine ya nguzo kuzunguka ziwa, yaliyojengwa na wafugaji wa kwanza wa eneo hili miaka 5,000 hadi 4,000 iliyopita. Kaskazini ya Lothagam, mojawapo ya hayo maeneo, ilitangazwa mwaka 2018 kwamba ni makaburi ya mamia ya watu, wakubwa kwa watoto, wengi wakiwa na mapambo ya mawe na shanga, bila dalili kwamba kulikuwa na wakubwa na wadogo wa cheo.

Lakini angalia juu ya zile nguzo za Kalokol. Kuna vijiwe. Watu wakipita huokota kijiwe wakakiweka juu. Unapita, unaacha kitu, anayekuja baada yako anaona kwamba wewe ulikuwa hapa. Hakuna aliyehitaji Oregon kutufundisha hilo.

Kwa hivyo hiyo ndiyo kuficha ya aina ya kwanza. Kuacha kitu ukiwa na imani kwamba kuna mtu anakuja. Sasa tuende kwa ya pili.

Lodwar, mahali pa kuficha watu

Wakoloni walipoangalia ramani ya Kenya waliona Turkana kama mimi nilivyoona kile kilima. Sehemu tupu. Wakaifanya wilaya iliyofungwa: huingii wala hutoki bila ruhusa. Na ukishakuwa na mahali pamefungwa, utapata cha kuweka ndani.

Oktoba 1952 walimkamata Jomo Kenyatta. Baada ya kesi ya Kapenguria, Aprili 1953, wakampa miaka saba na kumpeleka Lokitaung, kaskazini kabisa ya Turkana, pamoja na Bildad Kaggia, Fred Kubai, Paul Ngei na Kung'u Karumba. Mwaka 1959 kifungo kilipoisha hawakumwachilia. Wakamhamishia hapa Lodwar, akae chini ya zuio mpaka 1961 alipopelekwa Maralal. Nyumba aliyokaa bado iko. Watu wengi wa rika langu wanaipita bila kujua ni ya nini.

Hesabu ya mkoloni ilikuwa rahisi: mfiche mbali, watu watamsahau. Kilichotokea ni kinyume. Kule Lokitaung aliletwa pia Waruhiu Itote, Jenerali China wa Mau Mau, na gerezani humo Kenyatta akawa anamfundisha Kiingereza. Machi 1961 viongozi wa KANU na KADU, vyama vilivyokuwa havipatani, walisafiri pamoja mpaka Lodwar kumwona. Mahali palipochaguliwa ili watu wasionane pakawa mahali pa kukutana.

Ila tusijidanganye. Kenyatta aliondoka akawa rais, na ile tabia ya kuitazama Turkana kama stoo haikuondoka naye. Mpaka leo mfanyakazi wa serikali akikosana na mkubwa wake, utani ni uleule: "watakupeleka Turkana". Sisi tunaoishi hapa tunacheka, lakini tunasikia.

Kakuma

Mwaka 1992 kambi ya Kakuma ilifunguliwa, kilomita 120 hivi kutoka Lodwar kwenye barabara ya kwenda Lokichoggio. Miongoni mwa waliofika kwanza walikuwa maelfu ya wavulana wa Sudan Kusini ambao dunia iliwaita "Wavulana Waliopotea". Walikuwa wamekimbia vita mwishoni mwa miaka ya 1980, wakatembea mpaka Ethiopia, na serikali ya Mengistu ilipoanguka Mei 1991 wakafukuzwa tena, wakatembea mpaka Kenya. Zaidi ya 3,000 kati yao walipelekwa Marekani kuanzia mwisho wa mwaka 2000.

Jina hilo halijawahi kunikalia vizuri. Hawakupotea. Walijua walikotoka na walijua nani amekufa njiani. Walichokosa ni watu wa kuwatafuta. Na waliokuwa wakiwatafuta kweli walikuwa na chombo kimoja kidogo sana: ujumbe wa Msalaba Mwekundu. Ni karatasi isiyofungwa kwa bahasha, unaandika habari za familia tu, hakuna siasa, halafu inabebwa kutoka kambi hadi kambi, nchi hadi nchi, ikimtafuta mtu mwenye jina fulani, mtoto wa fulani, wa kijiji fulani. Unaandika bila kujua kama atafikiwa. Fikiria hilo. Nilikuwa naona kungoja miezi mitatu kwa ajili ya kopo ni muda mrefu.

Leo Kakuma pamoja na Kalobeyei, iliyofunguliwa miaka ya 2015 na 2016, wana watu kama laki tatu. Hapo ndipo alizaliwa Awer Mabil aliyechezea Australia kandanda, na Halima Aden, mwanamitindo. Wanariadha watano wa Sudan Kusini waliokuwa katika timu ya kwanza ya wakimbizi kwenye Olimpiki, Rio 2016, walikuwa wameishi Kakuma. Juni 2018 kulifanyika TEDx ndani ya kambi.

Na bado ukisoma makala za nje utakuta sentensi moja inayorudiwa kama wimbo: eti Kakuma ni neno la Kiswahili lenye maana ya "hakuna popote". Wewe unayesoma hii ni mtu wa Kiswahili. Hebu niambie ulilisikia wapi hilo neno. Halipo! Mtu aliandika, mwingine akanakili, na sasa laki tatu ya watu wanaishi mahali ambapo dunia imeamua panaitwa si mahali. Hiyo ndiyo kuficha ya pili kwa ubora wake. Huna haja ya kuta. Unapapa tu jina linalomwambia msomaji asijisumbue kutafuta.

Kutafuta kopo la Kakuma

Baada ya mambo ya mzee niliandika mtandaoni kwamba nimeadhibiwa na mchungaji wa miaka 10. Msee mmoja wa Kakuma akanitumia ujumbe. Mkongomani, familia yake ni ya Kivu, amefika kambini akiwa mdogo. Akasema naye ameweka kopo, tena ameomba ruhusa kwa majirani kwanza. "Kuja utafute," akaniambia. Nami nikamwambia aje atafute langu Lodwar, tushindane.

Akanyamaza kidogo. Halafu akaandika, "Mimi siwezi kutoka bila karatasi."

Nilizaliwa Turkana. Nimepita Kakuma mara nyingi nikienda Loki. Na haikuwahi kunipita akilini kwamba kijana wa umri wangu, anayeongea lugha yangu, anayeishi kilomita 120 kutoka kwangu, anahitaji kibali cha safari ili aje Lodwar kuangalia chini ya jiwe. Mimi nikitaka kwenda kwake napanda gari asubuhi. Mchezo ni mmoja, namba ni zilezile, setilaiti ni zilezile. Tofauti ni karatasi.

Basi nikaenda mimi. Simu ilinipeleka vizuri mpaka ua wa miiba, hapo ikaanza kuniruka ruka, mita 15 huku, mita 20 kule. Nilizunguka ule ua mara tatu mpaka mama mmoja Mhabeshi aliyekuwa akichoma kahawa mbele ya duka akaniita. "Unatafuta la yule kijana wa Kongo?" Nikasema ndiyo, mama. "Kaa kwanza." Huwezi kukataa kahawa. Nilikaa nusu saa. Aliniambia amekuja Kakuma kabla sijazaliwa, na kwamba yule kijana alipokuja kuomba ruhusa ya kuweka kopo, yeye ndiye alimwambia asiliweke chini, mtoto atalichukua, aliweke juu. Akanyoosha kidole kwenye paa la kibanda chake.

Kumbe nilikuwa nimekaa chini yake muda wote.

Yule jamaa akatokea akicheka. "Umefika muzuri, kaka?" Tulifungua kopo pamoja. Daftari lilikuwa na majina kama 20, kwa herufi za aina tatu. Nikachukua kitufe cha koti. Nikaacha lile jiwe jeusi la mchungaji. Kwa hivyo jiwe la kilima cha Lodwar limefika Kakuma, na mwenye kopo hajaruhusiwa kufika kilima.

Nataka nini

Najua mtu atasema, kuna njaa, kuna ukame, wewe unaongelea makopo. Sawa. Lakini hebu tufikirie. Wakimbizi na wenyeji wameishi pamoja zaidi ya miaka 30. Tumegombana juu ya kuni, maji na mifugo, na watu wamekufa. Pia tumeuziana mbuzi na makaa, tumesoma shule moja, tumeoana. Yale magomvi yanaripotiwa. Ile kahawa ya nusu saa hairipotiwi. Sheria mpya ya Wakimbizi ya 2021 na Mpango wa Shirika uliozinduliwa Machi 2025 vinaahidi kwamba kambi zitageuka kuwa makazi ya kawaida, wakimbizi na wenyeji wakitumia huduma pamoja. Mimi nina kipimo changu cha kujua kama ahadi imetimia: siku yule jamaa atakapopanda gari asubuhi, bila kuomba mtu, aje Lodwar atafute kopo langu, akikosa anicheke, arudi jioni.

Mpaka siku hiyo, ukitaka kuanza mchezo huu huku, sheria zangu ni nne, na zote nimefunzwa kwa aibu.

Moja, uliza mwenye mahali kwanza. Hakuna sehemu tupu. Kuna sehemu ambayo hujamjua mwenyewe.

Mbili, usichimbe. Hata wenye mchezo duniani walikataza kufukia, ingawa ile ndoo ya kwanza ilikuwa imefukiwa nusu. Turkana hujui unachimba mfupa wa nani, na sheria ya makumbusho ya 2006 inalinda hivyo vitu. Ukiona kitu cha ajabu kwenye mawe, usikiokote. Piga picha, soma namba, mjulishe mtu wa makumbusho.

Tatu, Namoratunga na makaburi usiweke kopo. Kuna aina ya mchezo isiyo na kopo: unampa mtu namba na swali, anafika, anaangalia, anajibu. Muulize nguzo ngapi. Inatosha.

Nne, andika jina la aliyepata. Justus Erus na Sammy Lokorodi wanajulikana kwa sababu kuna mtu aliandika. Wangapi waliona mawe yamekaa vibaya, wakasema, na jina likaandikwa la mwingine?

Beste yangu aliyeniuliza "si ungewapa tu?" bado anangoja jibu. Ni hili: ningewapa, wangechukua na kuondoka. Nikificha, lazima waje mpaka kwetu, wapotee kidogo, waulize mtu njia.

Kopo la Lodwar bado liko, ila si pale kwa zamani. Mzee alinionyesha mahali pazuri zaidi, kama alivyosema. Namba siziweki tena mtandaoni. Ukifika, uliza chini ya mti. Mwamkie kwanza: Ejok. Akijibu Ejok-noi, kaa.